Rangi ya keji, chaki ya darasani na kifua cha binamu

Najua nimeadimika. Wale mlioniuliza kama nimedisko, hapana jamani, nipo. Iringa ipo, baridi ipo, na bumu kama kawaida yake linasemekana liko njiani. Ila wiki mbili hizi sikuwa nashinda maktaba. Nilikuwa nashinda gereji. Kwa hiyo leo sina habari za serikali ya wanafunzi wala za maharage ya kantini. Leo ni rangi. Tena si rangi ya gari zima, ni rangi ya kile kizimba cha mabomba kinachokaa ndani ya gari la mashindano. Msifunge ukurasa kwanza, kuna jambo humu.

Kwa wasiojua: ukichungulia ndani ya gari la rali hukuti upholstari wala zile urembo za kuning'iniza kwenye kioo. Unakuta viti viwili, mikanda minene, na mabomba ya chuma yamezunguka kila mahali, juu ya paa, kwenye milango, nyuma ya viti yamepishana kama herufi X. Mafundi wanaita keji. Kazi yake ni moja tu: gari likibiringika, paa lisiwashukie dereva na msoma ramani wake. Si mabomba ya geti yale. Kanuni za FIA, wale wakubwa wa mbio za magari duniani, zinasema lile bomba kuu linalopita nyuma ya viti liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Mengine yawe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Na chuma chenyewe kiwe kimevutwa kikiwa baridi, bila mshono, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3. Mtu wa kemia ukisoma hapo unatabasamu. Kaboni ikizidi, chuma kinakuwa kigumu lakini kinavunjika badala ya kupinda, na kinakuwa kisumbufu kukichomelea. Kwenye ajali unataka kipinde.

Huku kwetu rali si kitu kigeni. Safari Rally yenyewe ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zote tatu. Ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Na Iringa hapa, mtoto wa mjini akisikia mlio wa gari la rali linafanyiwa majaribio anajua kabisa ni nani kapita. Mimi nilikuwa sijui. Nimejua kwa sababu ya binamu.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni fundi rangi. Ana gereji bubu, yaani kompresa moja, mti mmoja, maturubai mawili na sifa kubwa. Mtu akigongwa ubavu anapeleka kwake, linatoka gari huwezi kujua liligongwa wapi. Mkono anao, hilo halina ubishi. Mwezi uliopita jamaa mmoja akamletea Impreza ya zamani ya rali. Keji yake ilitengenezwa na fundi miaka kadhaa nyuma, ikapigwa rangi nyeusi, na rangi imeanza kubanduka na kutu kuchungulia. Jamaa anataka keji ipigwe upya, nyekundu, ing'ae, ifanane na rimu. Binamu akanipigia: "Ticha, wewe si mtu wa kemia? Njoo tushauriane, huyu bosi anaongea habari za rangi ya unga."

Ndiyo nikaenda. Na hapo ndipo nikagundua kwamba kuchagua rangi ya keji ni kujibu swali moja ambalo kwenye rangi ya nje ya gari huulizi kabisa: je, hii rangi itanionyesha chuma kikianza kupasuka, au itanificha?

Tuanze na hiyo rangi ya unga. Wengi mmeiona bila kujua, ndiyo ile iliyo kwenye fremu nyingi za madirisha ya alumini. Unga mkavu unapulizwa ukiwa na chaji ya umeme, unanata kwenye chuma, halafu kitu chote kinaingia kwenye oveni, nyuzi joto kama 180 hadi 200, dakika kumi na kitu, unga unayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Nzuri sana. Haichubuki ovyo. Kwa kiti, kwa rimu, kwa fremu ya baiskeli, sina neno. Lakini keji hii imeshachomelewa kwenye bodi. Ukitaka kuioka itabidi uoke gari zima, pamoja na kila gundi na lami iliyozibia maungio ya bati, na ni nani ana oveni ya kuingia Impreza? Hata ungeipata, ile ngozi ni nene, inaweza kufika sehemu 60 hadi 100 za milimita moja ukiigawa mara elfu, na ina mvutano wake. Chuma kinaweza kupasuka ufa mwembamba kama unywele chini yake, yenyewe ikabaki juu inang'aa, imetulia, kama mtu aliyevaa suti nzuri na tumbo linamuuma. Rangi ya kawaida iliyopakwa nyembamba mara nyingi inapasuka pamoja na chuma, halafu unyevu unaingia, kutu inatoka, na unaona mstari wa kahawia. Huo mstari ndio unaoutaka! Na ukihitaji kuchomelea upya mahali fulani, ile ya unga itakutesa kuikwangua, na huwezi kuweka kiraka cha unga kwa brashi.

Basi rangi ya unga ikafa mapema. Bosi hakufurahi ila alielewa hesabu ya oveni.

Kwenye rangi yenyewe ya kuonekana, mabishano yalichukua muda zaidi. Nyekundu inapendeza kwenye picha. Nyeusi haionyeshi uchafu, na ndiyo ubaya wake, kwa sababu haionyeshi na kutu pia. Ilikuwa nyeusi, tukaona wenyewe matokeo yake. Nyeupe ndiyo inayoonyesha kila kitu, na ina faida ya pili, ndani ya gari kunakuwa na mwanga. Ukiangusha boliti usiku kwenye kituo cha matengenezo unaiona. Lakini nyeupe tupu mbele ya macho ya dereva ina shida, yale mabomba mawili yanayoshuka pembeni mwa kioo cha mbele yakipigwa jua yanarudisha mwanga kwenye kioo. Na usiku, taa ndogo ya msoma ramani ikiwaka, mabomba meupe yanang'aa ndani na nje kunakuwa giza zaidi. Tukafika kijivu. Kijivu cha mwanga, kisichong'aa sana. Mstari wa kutu unaonekana, ufa unaonekana, macho hayaumii. Bosi akasema "mnanipakia rangi ya meli." Binamu akamjibu, "Bosi, meli haizami kwa rangi."

(Niliandika jibu hilo kwenye daftari la saikolojia ya elimu, nikijua nitalitumia hapa.)

Sasa tuje kwenye lililonifanya niandike. Kuna mambo mawili, na yote yalitokea kabla hata kopo halijafunguliwa.

La kwanza ni chaki.

Ili upake rangi mpya lazima utoe ya zamani, hasa kwenye maungio. Tulivua viti, mikanda, lile povu la kukinga kofia, betri. Mikanda hasa usiiache karibu, thina na rangi zinaharibu nyuzi na huwezi kujua mpaka siku unapoihitaji. Tukakwangua kwa brashi ya waya na msasa, maungio yote hadi chuma kionekane. Kwenye mguu mmoja wa nyuma kushoto, pale bomba linapokutana na bati la sakafu, mimi nikaona kama uzi. Binamu akasema ni alama ya brashi ya waya. Inawezekana kabisa, brashi ya waya inachora. Ukitumia macho tu mtabishana hadi jioni.

Nikakumbuka njia moja ya zamani. Kwenye karakana za reli, tangu mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wanatafuta nyufa za vyuma kwa mafuta na unga mweupe. Mafuta mepesi yanajipenyeza kwenye ufa, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta kwenye utambi wa kibatari. Unafuta juu pakauke vizuri, unapaka unga mweupe, unasubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanavutwa na unga na kuchora mstari. Leo kuna makopo ya dawa maalumu ya kazi hii, nyekundu na nyeupe. Sisi tulikuwa na mafuta ya taa, spiriti ya dukani, na chaki. Chaki mimi nakosaje? Nilikuwa nayo kwenye begi tangu tulipofanya mazoezi ya kufundisha wenyewe kwa wenyewe.

Tukapaka mafuta ya taa, tukaacha kama nusu saa, tukafuta kwa kitambaa kikavu, tukafuta tena. Nikaponda chaki ikawa unga laini, nikachanganya na spiriti ikawa kama maziwa, nikapaka kwa brashi ndogo. Spiriti inaruka haraka, pakabaki peupe kama ubao uliofutwa vibaya. Tukakaa. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kusiwe na kitu, kwa sababu bosi alitaka gari Ijumaa.

Mstari ukatoka. Sentimita kama nne, umefuata ukingo wa mchomeleo, umepinda kidogo kwenye kona.

"Ticha, huo ni uchafu wa brashi yako."

"Haya, tufute turudie."

Tukafuta kila kitu, tukaosha, tukarudia kwa brashi nyingine. Ukatoka palepale, na umbo lilelile. Binamu hakusema kitu. Alizima redio.

Wadau, huo mguu ndio unaoshikilia keji isilale nyuma gari likitua kwa paa. Miaka yote hiyo ufa ulikuwa umelala chini ya rangi nene nyeusi inayong'aa, na watu wawili wamefunga mikanda wakaenda nalo porini kwa kasi ambayo mimi hata kwenye basi la Dar sijawahi kwenda. Sijui ulianza lini. Maungio yanachoka hapo pembezoni mwa mchomeleo, ndipo joto lilipobadilisha chuma na ndipo nguvu inapojikusanya. Kila shimo barabarani linauvuta kidogo.

Bosi alipokuja tulimwonyesha. Maneno yake ya kwanza: "Mimi nimeleta kazi ya rangi, sikuwaambia mtafute nyufa." Nilikuwa namtazama binamu, maana ndiye fundi, mimi ni mgeni tu mwenye chaki. Hapo kuna hela, kuna mteja anayeweza kuhamisha gari kesho, kuna Ijumaa. Binamu akasema kwa upole kabisa, "Bosi, naweza kuipaka rangi sasa hivi, saa mbili nimemaliza, hutauona tena. Lakini mimi nitakuwa najua upo." Basi. Hakuongeza. Jamaa akazunguka gari mara mbili, akapiga simu, kesho yake akaja fundi wa kuchomelea anayeaminika na watu wa rali. Akachimba ufa kwa grinda mpaka ukaisha kabisa, maana ukichomelea juu ya ufa umeufunika tu, akachoma upya, na akaongeza vibati vya pembe. Mkaguzi wa mashindano ataangalia kabla gari halijaruhusiwa. Keji zilizothibitishwa na FIA haziguswi hivihivi, ukarabati wake baada ya ajali unatakiwa ufanywe na mtengenezaji au kwa idhini yake, ila hii ni ya kutengenezwa mtaani, kwa hiyo neno la mwisho ni la mkaguzi.

Ijumaa ikaondoka hivyo.

La pili ni kifua cha binamu, na hili ni gumu zaidi kuliandika.

Yeye alipanga apige rangi ya mbili kwa moja, ile ya kuchanganya na hadina. Ndiyo rangi yake ya kila siku. Inakauka haraka, ngumu, petroli haiitishi. Kwa kazi ya nje ya gari sina mpinzani wa kumpa. Lakini hadina ile ina isosianeti. Watu wa kemia mnaijua: kundi la naitrojeni, kaboni na oksijeni ambalo lina njaa kuliko wanafunzi wiki ya mwisho wa mwezi. Linakamata haidroksili ya rangi na kufunga minyororo, ndiyo maana rangi inakuwa ngumu hivyo. Shida ni kwamba halichagui. Ukilivuta linakamata na vitu vya mwilini mwako. Isosianeti ni moja ya visababishi vikubwa vya pumu ya kazini, na mwili ukishaizoea vibaya, yaani ukishajenga mzio, kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kukubana kifua. Ulaya tangu Agosti 2023 mtu haruhusiwi kutumia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya hizo kikazi bila kupata mafunzo kwanza. Hapa binamu anafunga kitambaa puani. Siku akijipenda anavaa barakoa ya hospitali.

Mwaka huu wote anakohoa. Shangazi anasema ni baridi ya Iringa. Kila mtu Iringa anasingizia baridi. Lakini mimi nilikaa naye wiki mbili nikaona kitu: Jumapili hakohoi. Jumatatu mchana yuko sawa, Jumatatu usiku kifua kinapiga filimbi, na kufikia Alhamisi anakaa kitandani wima ili apumue. Juzi kulikuwa na msiba, hakufanya kazi siku nne, alilala kama mtoto. Baridi ya Iringa haijui Jumapili wala msiba.

Mimi si daktari, nasomea ualimu. Nilichomwambia ni hicho tu nilichokiona, siku na saa. Alikasirika. "Kwa hiyo unataka niache kazi? Nani atalipa ada ya mdogo wako?" Na mdogo wangu ni kweli, ada ya muhula uliopita ilitoka kwenye kompresa ile. Kwa hiyo nikanyamaza. Kuna ushauri mtu akiwa na daftari mkononi unamtoka kirahisi sana, na mwenye kuulipia ni mwingine.

Nilichoweza kubishania ni keji tu. Kwa sababu kupuliza nje chini ya mti ni jambo moja, na kuingiza kichwa na mabega ndani ya gari, milango imezibwa na maturubai, ukapuliza mabomba kwa saa nzima, ni jambo lingine. Ule ukungu hauna pa kwenda, unaenda kifuani. Hata barakoa ya chujio la mkaa hairidhishi hapo, kwa sababu isosianeti haina harufu ya kukushtua chujio likiisha. Inayotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na hiyo gereji bubu haina.

Nikapendekeza rangi ya mafuta, kwa brashi.

Wadau, mngemwona uso. "Brashi? Ticha, brashi ni ya geti." Fundi wa kunyunyiza kumwambia ashike brashi ni kama kumwambia mpishi wa harusi achemshe maji ya chai. Lakini fikiria: keji ni mabomba membamba. Ukipuliza, nusu ya rangi inapita hewani na kutua kwenye dashibodi na bati. Pale bomba linapopita karibu na paa, nafasi ni vidole viwili, bunduki ya rangi haiingii, na ndiko kutu inakojificha. Brashi inaingia. Ikichubuka baada ya mashindano, unafungua kopo lilelile unapaka kiraka, hakuna kuchanganya. Ubaya wake upo, sitaki kuuficha: inakauka polepole, ni laini zaidi, na mafuta ya breki yakiidondokea inavimba. Kwa keji niliona tunaweza kuishi na hayo.

Hesabu ndiyo iliyomlainisha. Tulipima mabomba yote kwa futi kamba, yakatoka mita 32. Mzingo wa bomba ukichukua kipenyo cha wastani kama sentimita 4 ni sentimita 13 hivi. Zidisha: mita za mraba kama 4. Lita moja ya rangi ya mafuta inapaka mita za mraba 10 au 12 kwa mkono mmoja. Yaani mikono miwili ni chini ya lita. Alikuwa ameandaa bajeti ya lita nne na hadina yake. Akacheka, akasema, "Sasa hapo umeongea kifundi."

Upakaji wenyewe nitauelezea kwa mwendo wa daladala maana mnasubiri mwisho. Mabomba tuliyasafisha kwa msasa namba 180 tukikata vipande virefu na kuvivuta huku na huku kama mtu anayejifuta mgongo kwa taulo, ndiyo njia ya kusugua bomba pande zote. Kisha kitambaa cheupe chenye thina, unafuta, unageuza, unatupa, unachukua kingine, mpaka kitoke cheupe. Grisi ya kidole kimoja inatosha kubandua rangi. Milango wazi yote, hakuna grinda wala sigara karibu. Praima ya kuzuia kutu tuliipaka kwanza kwenye maungio peke yake, kwa brashi ndogo, tukiisukuma ndani ya kona, ndipo tukapaka bomba zima. Kwenye kona rangi inapenda kukimbia na kubaki nyembamba, kwa hiyo kona zinapata mara mbili. Upande wa paa binamu alitumia kioo cha kunyolea kuona mgongo wa bomba, na kipande cha sponji alichokifunga kwenye waya. Hapo nikaona mkono wa fundi ni mkono tu, ukiupa brashi bado ni ule ule. Hakuna hata tone lililoshuka.

Adui alikuwa asubuhi. Huku juu, mita kama 1,500 na ushee, miezi hii chuma kinalala baridi na asubuhi kimelowa umande hata kama huuoni. Ukipaka hapo umepaka juu ya maji. Kanuni ni kwamba chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande unaanza kushika. Sisi hatukuwa na kipimo, tulikuwa tunasubiri saa nne, jua lipige, tunashika bomba kwa kiganja, na saa tisa tunaacha. Upepo wa mchana ukileta vumbi tunashusha turubai. Praima siku moja, mkono wa kwanza siku ya pili, tukaiacha siku nzima, msasa wa 320 kwa kupapasa tu, mkono wa pili. Ukiharakisha unapata ngozi juu na uji chini.

Bosi alikuja Jumatano ya wiki iliyofuata. Akaingia, akakaa, akapitisha mkono kwenye bomba la mlango, akatazama ule mguu wa nyuma kushoto kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama tunaweza kuuandika tarehe kwa wino, pale karibu, ili kila baada ya mashindano mtu ajue pa kuchungulia. Binamu akaandika kwa peni ya maka, mwandiko mbaya kama wa daktari. Ile nyekundu imeishia kwenye vioo vya pembeni.

Povu la kukinga kofia bado halijarudishwa, tunasubiri rangi ikomae wiki moja zaidi. Kemia ya rangi ya mafuta ni oksijeni inaingia polepole, huwezi kuisukuma.

Binamu anaendelea kupuliza milango na boneti, maisha hayasimami. Ila tangu wiki ile kitambaa cha puani kimepotea, anatafuta barakoa ya mpira wa hewa, hata iliyotumika, mwenye kujua inapopatikana Mbeya, Dodoma au Dar aniandikie. Mpira uvute hewa safi peke yake, usiwe ule wa kompresa ya mafuta bila chujio. Na hospitali amekubali kwenda. Nimemwandikia kwenye karatasi siku anazokohoa na siku asizokohoa, wiki sita, safu mbili, na jina la hadina kama lilivyo kwenye kopo, ili daktari asianze na baridi. Miadi ni Jumanne saa mbili asubuhi. Nina kipindi cha mbinu za kufundishia saa hiyohiyo, atakayekuwa darasani anisainie... natania jamani, nimeshaomba ruhusa.